Tumbili wa Tisa

"Kidole hiki hakigusi karatasi yenu."

Yunisi Mahenge alikunja ngumi na kuificha ndani ya blanketi. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne mahabusu, Njombe, na baridi ya Julai ilikuwa imempasua midomo. Hata hivyo aliketi wima kwenye benchi, kama mtu aliyekuja kudai haki yake na sasa anachoshwa na kusubirishwa.

Sajini Kefa Mwalongo wa upelelezi alivuta kiti, akakaa mbele yake. Alikuwa amerudi usiku uliopita kutoka Mawengi, alikokwenda kwa kesi ya ng'ombe, na asubuhi hii alikuta jalada jipya mezani. Juu yake kulikuwa na kikaratasi cha mkuu wake, Inspekta Pelham: *Mwanamke huyu atie dole gumba kwenye maelezo ya kukiri kabla ya Jumamosi. Hakimu anafika Jumatatu.*

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Dakta Renwick, Mwingereza mwenye kituo cha utafiti wa dawa karibu na Makambako, alikuwa ametoa taarifa ya wizi. Vichupa arobaini na tatu vya mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, vilikuwa vimetoweka kabatini katika muda wa majuma matano. Mkaguzi wa dawa za hatari alitarajiwa mwezi wa Agosti. Mwanamke anayelisha tumbili wa utafiti alikuwa amekutwa na vichupa vitano nyumbani kwake. Hayo ndiyo yote.

"Mama, sikuja kwa ajili ya kidole," alisema Kefa.

"Basi umekuja kwa ajili ya nini? Wenzako wamenipigia kelele siku tatu. Mmoja alinishika mkono. Nikamwambia auvunje kabisa, kisha akabonyeze mwenyewe."

"Vichupa vitano vilikuwa kwako?"

"Vilikuwa kwangu. Daktari anatupa vitupu kwenye shimo nyuma ya jiko. Kila mwanamke wa pale anaokota. Vyangu nimewekea mbegu za vitunguu."

Kefa alifungua bahasha ya vielelezo. Vichupa vilikuwa vitano, vimezibwa kwa vipande vya kitambaa. Alizibua kimoja na kukiinamisha juu ya karatasi. Mbegu ndogo nyeusi zilimwagika. Akafungua cha pili, cha tatu, mpaka cha tano. Vyote vilikuwa na mbegu za vitunguu.

"Waliokukamata hawakufungua?"

"Waliogopa vitawalevya."

Kefa aliandika hilo neno kwa neno. Kisha akamwomba anyooshe mikono. Yunisi aliitoa ndani ya blanketi bila aibu, akapandisha mikono ya gauni mpaka begani. Kulikuwa na makovu mengi ya kucha za tumbili, mengine mapya. Alama ya sindano haikuwapo hata moja.

"Hiyo haikuondolei shaka," alisema Kefa. "Mwizi si lazima ajichome. Anaweza kuuza."

"Nenda Makambako uniletee aliyenunua."

"Nitakwenda. Kwanza nieleze kazi ya kule. Taratibu, nipate kuelewa."

Yunisi alimtazama kana kwamba anampima. Alikuwa Mkinga wa Makete, mjane, na kwa miaka miwili alikuwa amelisha wanyama wale na kusafisha vizimba vyao. Alipoanza kusema alisema kwa mpangilio.

Kila kizimba kilikuwa na kidirisha. Tumbili akitaka sindano anapenyeza mkono kidirishani, na msaidizi wa Daktari, Lukas Nyagawa, anamchoma. Vizimba vya kwanza mpaka cha nne hufunguliwa kidirisha saa moja tu kila asubuhi. Vizimba vya tano mpaka cha nane kidirisha kiko wazi mchana kutwa.

"Hao wa saa moja wakoje?"

"Wako vilevile tangu Krismasi. Wanatoa mkono, wanapata sindano zao mbili, wanarudi kula. Hawazidishi."

"Na wale wa kutwa?"

"Wale." Yunisi alivuta blanketi. "Mwanzo walikuwa sawa na wenzao. Mbili. Halafu zikawa nne, halafu saba, sasa hata Lukas anachoka kuhesabu. Namba tano nilikuwa namwita Mkwe, maana hapendi kutazamwa. Alikuwa anakula ndizi mkononi mwangu. Sasa ndizi inaoza mbele yake. Usifikiri wanatafuta raha, sajini. Raha iliisha zamani. Wanatafuta wasiumwe."

"Wasiumwe nini?"

"Siku moja Daktari aliwafungia hao wanne vidirisha ili aone. Walianza kwa miayo. Miayo juu ya miayo, kama watu kwenye mahubiri marefu. Kisha kamasi, machozi, manyoya yakasimama. Kesho yake wakawa wanajikunja matumbo, wanarusha miguu, wanaharisha maji. Nikamwambia Daktari, ama uwape ama nifungue vizimba waende zao. Akaniambia kazi yangu ni kufagia."

"Ukamjibu?"

"Nilimjibu kwamba ninafagia, lakini macho sikuyafumba. Tangu siku hiyo hanipendi."

Kefa aligeuza ukurasa wa daftari lake. "Kwa hiyo tumbili ni wanane."

"Wanane. Naosha vibakuli vinane. Akifa mmoja, analetwa mwingine anapewa namba ileile."

"Vizuri, mama. Kidole chako kaa nacho."

*

Saa sita mchana lori la magunia ya ngano lilimshusha Kefa kwenye njia panda ya Makambako. Vumbi lilikuwa jekundu na upepo ulikuwa wa kukata masikio. Alikuwa na wazo moja, na hakulipenda kwa sababu lilikuwa rahisi mno: dawa ile iliuzwa hapa, kwa madereva wanaoendesha kutoka kusini bila kulala.

Aliingia mgahawa wa chai wa Idda Mtewele, mwanamke mnene aliyekuwa anajua kila gari lililosimama pale na kila mtu aliyeshuka.

"Kamwene, dada Idda."

"Kamwene, sajini. Kaa karibu na moto. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Natafuta vichupa vidogo vya kioo. Vya kule kwa Daktari wa tumbili."

Idda alicheka, akamgeukia dereva aliyekuwa anakunywa uji pembeni. "Danieli! Mwonyeshe sajini dawa yako."

Dereva aliganda. Mkono wake uliingia mfukoni kisha ukasita, na Kefa akasimama, akaushika, akautoa. Kiganjani kulikuwa na kichupa kilekile, chenye unga wa kahawia. Kefa alikifungua, akakinusa, akapiga chafya mara nne mfululizo. Mgahawa mzima ulicheka.

"Ugoro," alisema Idda. "Wanawake wa kule wanaokota vichupa, wanatia ugoro, wanaleta hapa. Ingekuwa dawa ya kulevya ningewaona watu wanalala mezani kwangu. Aliyelala hapa mezani ni mmoja tu, tena si dereva."

"Nani?"

Idda alipunguza sauti. "Lukas. Yule msaidizi wa Daktari, kijana wa kijiji cha Yakobi. Zamani alikuwa anakuja kila Jumamosi na mkewe Hulda, wanatoka mazoezi ya kwaya. Siku hizi anakuja peke yake, ananunua sukari, anaila kavu kwenye karatasi. Mwezi uliopita alisinzia na kikombe mkononi mpaka chai ikammwagikia, na hakushtuka. Nikamletea maji anawe. Unajua alinawaje? Bila kukunja mikono ya shati. Ililowa mpaka kwenye kiwiko."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza kama anaumwa. Akasema anatibiwa." Idda alifuta meza kwa nguvu. "Na huyo mama mliyemfunga, mimi naye tunasali kanisa moja. Mwandike hilo pia."

*

Kituo kilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, katika shamba la zamani la miti ya miwati. Dakta Renwick alimpokea barazani. Alikuwa mrefu, safi, mwenye sauti ya upole, na mboni za macho yake zilikuwa za kawaida. Kefa aliangalia hilo kwanza, maana mofini hufinya mboni.

"Nilidhani mambo yamekwisha," Daktari alisema kwa Kiingereza.

"Karibu yaishe, bwana. Nahitaji kuona kabati, daftari la dawa na mahali pa wanyama."

Vizimba vilikuwa katika ghala refu. Kefa alitembea akivihesabu. Wanne wa kwanza walimkaripia na kumrushia maganda ya ndizi. Wanne wa mwisho hawakugeuka hata kidogo. Walikuwa wamekaa kando ya vidirisha, kila mmoja mkono nje, kiganja juu, wakisubiri. Wa tano alikuwa na kidonda mkononi alipochomwa tena na tena, na bado mkono ule ndio aliokuwa ameutoa.

Lukas Nyagawa alikuwa anafunga kitabu cha sindano mwisho wa safu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimepinda kwa jeraha lililopona. Alikuwa na shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Nani hushika ufunguo wa kabati?" Kefa alimwuliza.

Lukas alimtazama Daktari kabla ya kujibu. "Daktari, afande."

"Peke yake?"

"Yunisi aliuiba," Daktari alisema. "Nimeeleza katika taarifa yangu."

Waliingia ofisini. Kabati la chuma lilikuwa ukutani, na juu ya meza palikuwa na karatasi kubwa ya miraba, imebanwa kwa pini. Mistari ya wino ilikuwa imechorwa juu yake, kila mmoja na namba yake. Minne ilikwenda sambamba na ukingo wa karatasi, haipandi haishuki. Minne ilianza pamoja na ile, kisha ikapanda kama njia ya milima ya Livingstone.

Mstari wa tisa ulikuwa wa penseli.

Ulianza juma la mwisho la Mei. Kefa alisogea karibu kana kwamba anastaajabia kazi ya kisomi, akasoma vitone vyake kimoja kimoja, kila juma kitone chake. Vichupa vitatu. Vinne. Saba. Kumi na kimoja. Kumi na vinane. Alijumlisha kichwani, akajumlisha tena kwa kuanzia nyuma.

Arobaini na tatu.

"Kazi nzuri, bwana," alisema. "Huyu wa tisa ni yupi?"

"Alikufa," alijibu Daktari bila kusita.

"Kabla sijaondoka ningependa kuliona kaburi."

"Tunawachoma moto."

"Na kibakuli chake?"

Daktari alitabasamu kidogo. "Sajini, umetumwa kumalizia kesi ya mwizi. Usijifundishe sayansi hapa."

"Ndiyo, bwana. Kwa hiyo nitafuata utaratibu." Kefa alitoa mkobani kipande cha lakiri, nta ya kupigia muhuri, na uzi. "Kielelezo kikuu ni kabati hili. Tutahesabu kilichomo sasa hivi, mbele yako. Kisha nitalifunga na ufunguo nitakaa nao mpaka kesho asubuhi."

"Wanyama wanahitaji dawa."

"Utawatolea ya jioni na ya asubuhi sasa. Nitakaa hapa niione ikiingia kwa wanyama, kila tone."

Ilikuwa saa kumi alasiri. Lukas alikuwa amesimama mlangoni. Lakiri nyekundu ilipodondoka kwenye uzi, Kefa hakuitazama. Alimtazama Lukas, na akaona macho yake yameng'ang'ania ufunguo.

*

Jua lilipochomoza, majani yote ya shamba yalikuwa meupe kwa barafu. Kefa alitoka kwenye stoo aliyolala, akanawa uso kwa maji yaliyomchoma, akaenda kuketi kwenye ngazi ya ghala. Hakuwa na la kufanya ila kuangalia watu.

Daktari alipita akiwa na kikombe cha kahawa, mchangamfu, amelala vizuri. Mpishi alipita. Mlinzi alipita. Kisha akaja Lukas.

Alikuwa anapiga miayo. Alifika vizimbani, akapiga miayo mitatu zaidi, akafuta pua kwa mkono wa shati, na dakika hiyohiyo pua ikatiririka tena. Machozi yalikuwa yanamtoka bila kilio. Baridi ilikuwa ya kugandisha maji, lakini jasho lilimlowesha shingo, na chini ya jasho ngozi ilikuwa imesimama vinyweleo kama kuku aliyenyonyolewa. Mboni zilizokuwa tundu la sindano jana sasa zilikuwa zimefunguka na kuwa nyeusi, pana.

"Lukas," alisema Kefa. "Kaa hapa."

"Nina mafua, afande."

"Yunisi yuko mahabusu siku ya tano leo. Hana mafua. Anakula, analala, anawatukana askari. Kama ni yeye aliyezoea dawa ile, angekuwa kama wewe hivi tangu Jumanne. Na kama alikuwa anauza, vichupa vingetoka kwa kiwango cha wanunuzi. Hivi vilitoka vitatu, vinne, saba, kumi na kimoja, kumi na vinane. Hiyo si hesabu ya duka. Ni hesabu ya hao wanne wa kidirisha cha kutwa."

Lukas alijikunja akashika tumbo. "Nakuomba, afande. Ufunguo tu. Nitasema chochote."

"Sitaki chochote. Nataka kilichotokea."

"Nani alikupa ruhusa ya kumhoji mfanyakazi wangu?" Dakta Renwick alikuwa amesimama nyuma yao. Hakuonekana kushangazwa na hali ya Lukas. Alitazama saa yake ya mkononi, na Kefa akaona midomo yake ikitikisika kidogo, kama mtu anayekariri namba asije akaisahau. Alikuwa anahesabu saa tangu jana alasiri.

"Ni mgonjwa wangu," Daktari aliendelea. "Mlango wa kizimba ulimponda vidole mwezi Machi. Nimemtibu maumivu. Hakuna sheria inayomkataza daktari kumtibu mtumishi wake."

"Kweli, bwana. Lakini ipo inayokataza kudanganya polisi. Ukitibu, unaandika katika daftari la dawa kwa jina la mgonjwa. Wewe umemwandika kwa penseli kwenye karatasi ya tumbili. Kisha mkaguzi alipotangazwa, ukasema vimeibwa."

"Chunga ulimi wako."

"Nauchunga. Nayasema haya polepole ili niyaandike vilevile."

Daktari alimpa kisogo. Alikuwa na sindano tupu mkononi, na alizungumza sasa kwa Kiswahili, kwa upole kabisa. "Lukas. Sajini atatoa ufunguo, maana hataki ufie mikononi mwake. Njoo. Nyoosha mkono."

Lukas alisimama. Alifungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja, na mkono wenyewe ukaonekana kuanzia kiwiko kushuka, weusi wake umejaa madoa ya kijani na zambarau, vidonda juu ya vidonda. Akaunyoosha mbele, kiganja juu. Nyuma yake, katika vizimba vinne, mikono minne ilikuwa imetoka vidirishani vilevile.

Kefa angeweza kumvuta, lakini hakumvuta.

Lukas aligeuza uso, akaiona ile mikono. Akautazama wake. Machozi na kamasi vilimshukia kidevuni. Kisha akaurudisha mkono taratibu, kama mtu anayeuchomoa kwenye mtego, akaubana kifuani.

"Hapana," alisema.

"Lukas, usiwe mjinga. Ikifika kesho utalia kama mtoto."

"Nitalia. Lakini nitalia nyumbani kwetu." Meno yalikuwa yanagongana. "Andika, afande. Nilipoumia, alinichoma mwenyewe, sindano moja kila asubuhi, karibu miezi miwili. Sikuomba zaidi. Vidole vilikuwa vimepona nilipopewa ufunguo. Akaniambia: chukua kadiri unavyotaka, wakati wowote, mwisho wa juma uniambie tu idadi. Nikamwambia tatu, akaandika. Nikamwambia saba, akaandika. Siku niliyojiogopa nikamwambia, Daktari, nazidisha, ninyang'anye ufunguo. Akaandika na hilo, akaniachia ufunguo. Mkaguzi alipotangazwa ndipo akauchukua. Akawa ananipa mwenyewe, na akasema nikifungua mdomo kuhusu Yunisi, kabati litafungwa siku hiyohiyo. Nikanyamaza. Mama yule alikuwa ananiletea viazi, nami nikanyamaza."

Uso wa Dakta Renwick ulipauka. Aliingia ofisini kwa hatua ndefu, na Kefa akamfuata kwa hatua ndefu zaidi. Walifika mezani pamoja. Daktari alikuwa ameshashika ukingo wa ile karatasi ya miraba.

"Ukiichana, bwana," alisema Kefa, "nitaandika kwamba uliichana."

"Unajua mimi ni nani? Unajua Pelham anakula chakula mezani kwangu?"

"Najua. Hiyo karatasi ni kielelezo." Kefa alikuwa tayari amekwisha kuandika stakabadhi, tarehe, saa na sahihi yake. Aliiweka mezani. "Hii ni risiti yako. Mlinzi na mpishi wako mlangoni, wanatuona wote wawili."

Mkono wa Daktari ulifunguka polepole. Kefa alitoa pini nne, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani.

Nje, mlinzi alikuwa amemfunika Lukas koti lake. Kefa alimwinua. "Kuna lori la misheni barabarani saa tatu. Tunakwenda hospitali. Daktari wa pale atakupa atakachoona kinafaa, na atakipunguza kidogo kidogo. Atakuandika kwa jina lako."

"Itauma?"

"Itauma sana."

"Hulda aambiwe," Lukas alisema. "Aambiwe na mimi, si na wewe."

*

Inspekta Pelham aliisoma karatasi ya miraba, kisha maelezo ya Lukas yaliyoandikwa hospitalini mbele ya daktari wa misheni, kisha karatasi ya miraba tena. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni, na ofisi ya Njombe ilikuwa kimya.

"Unataka nimshtaki Renwick," alisema, "kwa neno la mtu mwenye uraibu na mwanamke anayefagia vizimba."

"Na kwa mwandiko wa Renwick, bwana. Jumla ni arobaini na tatu."

"Huyo wa tisa angeweza kuwa tumbili."

"Vizimba ni vinane. Nimevihesabu, na mlinzi na mpishi wametia sahihi."

Pelham aliinuka, akaenda dirishani. "Ninaweza kuchukua vitu hivi, nikavifungia sandukuni, nikakupeleka Songea wiki ijayo ukakamate wezi wa baiskeli."

"Ndiyo, bwana. Lakini vimekwisha kuingizwa katika kitabu cha kituo, kwa wino, namba kumi na saba mpaka ishirini na mbili. Daktari wa misheni ana nakala ya maelezo, maana aliyashuhudia. Songea nitakwenda. Leo bado mimi ni mpelelezi wa kesi hii, na naomba amri ya kumwachia Yunisi Mahenge."

"Unaomba?"

"Naomba, bwana. Na nitasimama hapa mpaka nipewe."

Alisimama. Saa ya ukutani iligonga robo, na bado alikuwa amesimama, visigino pamoja, macho usawa wa ramani. Mwishowe Pelham alirudi mezani, akavuta kitabu cha amri, akaandika mistari miwili kwa hasira mpaka ncha ya kalamu ikapasua karatasi. Aliusukuma ukurasa. Kefa alimwita askari wa zamu, akampa, akasikiliza buti zake zikienda mpaka mahabusu na komeo likifunguliwa. Sauti ya Yunisi ilisikika, kali, ikidai blanketi lake la pili.

Pelham alichukua fomu mpya. Aliandika jina la Renwick mahali pa mshtakiwa, kisha akashuka mstari wa chini na kalamu ikasita.

"Na huyu Lukas?" aliuliza. "Alichukua dawa kwa mkono wake. Alinyamaza mwanamke akifungwa. Nimwandike nini hapa? Mshtakiwa wa pili? Shahidi?"

"Hapana, bwana," alisema Kefa. "Mlalamikaji."